Maji Hayaitaki Lami

Mzee Lami hakuwa mzee, na jina lenyewe hakulipenda. Vijana wa mtaa walimbandika kwa sababu ya kazi yake: alimwaga lami barabarani, na hata siku ya mapumziko, aoge asioge, kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mtu aliyechimba kaburi kwa vidole. Kaburi nalo alikuwa nalo, la mkewe, na tangu alipolifukia hakuwa mtu wa kuulizwa hali. Ukimuuliza hali, anakujibu habari za wakubwa.

Asubuhi ile hakutulia. Alikaa kitandani, akainuka. Alifagia chumba, akakitazama, akafagia tena palepale. Alizikunja nguo za mtoto, akaona zimekunjwa kiume, akazikunjua na kuanza upya. Alitoka uani kutazama jua limefika wapi, akarudi ndani, akasahau alichokiona, akatoka tena.

"Jirani, utachimba sakafu," msusi alimwambia kutoka barazani. Mwanamke huyu alipanga chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo, na baraza ndiyo iliyokuwa duka lake: stuli mbili, kioo chenye ufa, na chanuo la mbao ambalo halikumtoka mkononi hata akiwa anakula. "Mkweo anakuja kumwona mtoto, haji kununua nyumba."

"Anakuja kukagua, dada. Kama wanavyokagua madaraja. Ila daraja likikutwa bovu wanaliacha hapohapo. Mimi nikikutwa mbovu wananinyang'anya."

Hilo halikuwa fumbo, mtaa mzima ulilijua. Ukoo wa marehemu ulikuwa umekaa, ukasema, ukamaliza. Mwanamume peke yake, wa kazi za kutoka alfajiri na kurudi jioni, mwenye mdomo wa kugombana na kila mwenye cheo, atalea vipi mtoto wa kike? Salamu zikaletwa bila sukari: bibi atakuja kwa basi la mchana. Akimkuta mjukuu yu mzima, safi, ametunzwa, atarudi peke yake. Akimkuta vingine, watarudi wawili.

Mjukuu mwenyewe alikuwa wa darasa la pili, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na mlango. Siku hiyo alikuwa ameamshwa mapema. Msusi alishamfumua nywele, akamwosha, akamchana mpaka zikasimama zote kama kichaka baada ya mvua. Kilichobaki ni kusuka. Lakini akatokea mteja mwenye haraka zake, mwenye harusi ya watu, na msusi akasema, "Chiriku mwanangu, kacheze kidogo hapo nje, nikimaliza huyu nakuita. Usichafuke."

Usichafuke! Mwambie kuku asichakure.

Nje kulikuwa na barabara, yaani palitakiwa pawe na barabara. Mzee Lami mwenyewe aliimwaga pamoja na wenzake, ikatoka sokoni ikaja vizuri mpaka kwenye kona, nyeusi na laini, watu wakaanza kuitembelea na viatu vya kanisani. Kisha msimamizi akaja na miwani yake akasema kazi isimame, amri imetoka juu. Juu wapi? Juu. Wakapakia zana wakahamishia kazi barabara nyingine, wakaacha vifusi, wakaacha mashimo, wakaacha na pipa la lami halina mfuniko, limelala ubavu kando ya mtaro. Mzee Lami alikwenda ofisini kwao kulisemea lile pipa. Akaambiwa aandike. Akasema yeye kuandika kwake ni kwa kubahatisha, ila kusema anasema vizuri, basi wamsikilize. Wakamwonyesha mlango. Pipa likabaki. Jua likiwa kali, pipa lilitoa ulimi mweusi mrefu wa lami ukining'inia juu ya mtaro. Jioni ulimi ule ulikuwa mgumu, kesho yake ulilegea tena.

Watoto walikuwa wakicheza kujificha. Na mahali pazuri pa kujificha, mtu mdogo ukitaka usionekane kabisa, ni nyuma ya pipa, umeegemeza kichwa.

Mzee Lami aligundua kuna jambo kwa sababu ya kimya. Chiriku aliingia chumbani bila neno. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kichwani, na mkono ule hakuushusha.

"Vipi?"

"Baba, umenata."

"Nini kimenata?"

"Mkono. Na kichwa. Vimenatana."

Akamvuta kwenye mwanga. Upande wote wa nyuma, kutoka kisogoni mpaka juu ya sikio la kushoto, nywele zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, bonge jeusi linalong'aa, na vidole vitatu vya mtoto vimo humo ndani. Harufu ya kazini kwake ikamjia puani, humo chumbani, kwenye kichwa cha mwanawe.

"Nimeosha," Chiriku alisema haraka, maana mdomo ulikuwa umemrudia. "Nimeosha bombani, maji mengi, tena na sabuni ya unga ya mama wa jirani, wenzangu wamenisugua wote. Haitoki. Baba, mwalimu alisema maji yanayeyusha vitu. Tulitia chumvi kwenye glasi ikapotea. Tukatia sukari ikapotea. Hii kwa nini haipotei?"

"Mwalimu wako hajamwaga lami hata siku moja," baba yake alisema. "Maji hayaitaki lami."

"Kwa nini hayaitaki?"

Baba yake alikuwa ameshageukia mlango. Alikuwa anatazama jua. Basi la mchana lilikuwa njiani, na ndani ya basi lile mama mkwe wake alikuwa ameketi na mkoba mapajani, macho mbele, kama hakimu.

Sasa hapa mtu mwingine yeyote angeita wanawake. Lakini Mzee Lami alikuwa mtu wa lami, na mtu wa lami ana dawa yake. Kazini kwao, jioni, hakuna anayeosha beleshi kwa maji. Ungeoshea maji mpaka kiama. Unachukua dizeli, au mafuta ya taa, unamwaga, unafuta kwa kitambaa, beleshi linarudi kama lilivyotoka dukani. Mikono nayo ni vivyo hivyo: unamwaga, unafikicha, unafuta. Miaka yote hiyo ngozi ya mikono yake ilikuwa imekuwa gamba, na gamba halina habari. Chini ya kitanda alikuwa na kopo lake la mafuta ya taa na kitambaa chake. Hakufikiri mara mbili. Hata mara moja hakufikiri, mikono ndiyo iliyofikiri.

"Inama," akamwambia mtoto. Akamwaga.

Na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi. Lami ilikubali. Ilianza kulia machozi ya kahawia, ikalegea, vidole vya Chiriku vikatoka kimoja kimoja, na yeye akacheka kwa sauti, peke yake, akisema, "Unaona? Unaona sasa? Kila ugonjwa na dawa yake!" Akamwaga tena.

Kisha Chiriku akapiga kelele.

Haikuwa kelele ya kitoto ya kudeka. Msusi aliisikia kutoka barazani akamwacha mteja wake nusu kichwa, akaja mbio na chanuo mkononi, akasukuma mlango. Akanusa kabla hajaona.

"Umemtia nini? Umemtia nini mtoto, wewe mwanamume?"

"Mafuta ya taa. Yanatoa, dada, angalia, inatoka..."

"Mafuta ya taa! Kwenye utosi! Huyu ni beleshi?" Akamnyakua mtoto, akamtoa uani, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake kando ya karai, macho kayafunika kwa kanga, akaanza kumwosha kwa kipande cha sabuni na maji, povu likatoka jeusi, akamwaga, akarudia, akamwaga, akarudia. "Simama mbali. Usinisogelee. Leta maji. Si hayo, masafi! Wanaume mna akili za kuazima, na mwenyewe akija kuzidai hamna."

Mzee Lami alikwenda na ndoo akarudi na ndoo. Hakuwa na mahali pa kuweka mikono. Aliiweka kiunoni, akaitoa. Huku anasema, anasema tu, hata hajui anamwambia nani: "Ni lile pipa. Niliwaambia. Nilikwenda mwenyewe ofisini nikawaambia pipa lile litaleta maafa. Wenyewe watoto wao wanacheza kwenye majani, penye uzio na mlinzi. Barabara ileile iliyonilia mke..."

"Maji!" msusi alifoka.

Kulia kulipungua, kukawa kwikwi. Msusi alipofunua kanga, walitazama wote wawili. Ngozi ya kisogo ilikuwa nyekundu, na nyuma ya sikio palikuwa pamebabuka, pameanza kufanya lengelenge. Na lami, ingawa ilikuwa imepungua, bado ilikuwepo, mabonge mabonge, imeshika kwenye mashina ya nywele.

"Nimnyoe?" Mzee Lami aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wembe utapita wapi kwenye ngozi hiyo? Lete mafuta ya kupikia. Unayo?"

"Hayo ya kupikia yatafanya nini?"

"Yatafanya yaleyale yanayofanywa na ya taa, ila yenyewe hayana hasira. Wateja wangu wanakuja hapa na gundi ya nywele za bandia imewaganda kichwani, naitoa na nini? Maji? Lete mafuta, kaka, basi linakuja!"

Akaleta chupa. Msusi akayamimina kidogo kidogo, mbali na palipobabuka, akaanza kufikicha bonge moja kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepembua mchele. Wakasubiri. Likabaki bonge. Akaongeza mafuta, akafikicha. Na pole pole, bila kelele, ukingo wa bonge ukaanza kuwa laini, ukawa uji mweusi, ukaachia nywele moja, kisha tatu.

"Kaa hapa," msusi alimwambia Mzee Lami. "Nina kichwa cha mtu kiko nusu pale nje ananitukana. Fanya hivihivi. Vidole, si kucha. Na ukivuta, nitakuvuta wewe."

Hivyo ndivyo bibi alivyomkuta.

Basi lilikuwa limewahi. Siku ambayo ungeomba lichelewe, linawahi. Hata mabasi nayo ni ya wakubwa. Bibi aliingia uani akiwa na mkoba wake, viatu vina vumbi la vifusi, na akasimama. Mbele yake aliona karai la povu jeusi, kopo la mafuta ya taa limelala mlangoni, na mkwe wake kaketi chini, kichwa cha mjukuu wake kiko mapajani, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Hodi nimepiga," alisema. "Naona mna shughuli."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini kwenye kichwa cha mtoto?"

"Lami, mama."

"Naam?"

"Bibi, nilijificha nyuma ya pipa," Chiriku alisema kwa sauti ya mapuani, bila kuinua kichwa. "Shikamoo. Maji hayaitoi, mafuta ya taa yanaitoa lakini yanauma, haya ya kupikia yanaitoa lakini polepole. Umeniletea nini?"

Bibi aliweka mkoba chini. Alivua mtandio, akajifunga kiunoni, akavuta stuli, akaketi upande wa pili wa kichwa. Akachovya vidole kwenye mafuta. "Mimi nashika huku," alisema. "Wewe huko uliko."

Wakafanya kazi. Mabonge yalikuwa mengi, na kila moja lilitaka muda wake. Ukiharakisha, lilijipaka kwenye nywele safi na kuanza upya. Mzee Lami alikuwa mtu wa kuharakisha. Mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika wenyewe chini ya mtoto.

"Baba, acha kunitikisa."

"Sikutikisi."

"Unanitikisa. Hujanijibu. Kwa nini maji hayaitaki lami?"

Mzee Lami akafikicha bonge jingine. Miaka yote alikuwa anaosha beleshi kwa dizeli, wala hakuwahi kujiuliza. Kisha akakumbuka. Kulikuwa na mhandisi mmoja, zamani, mkubwa pekee aliyewahi kukaa nao chini kando ya tanuri la lami na kula walichokula wao. Mzee Lami alimwuliza swali kama hili siku moja, kwa utani, na yule bwana akamjibu kwa makini. Wakamhamisha.

"Maji," alianza, "ukiyaona hivi ni kitu kimoja, lakini si kimoja. Ni chembe chembe, ndogo kuliko vumbi, na kila chembe imemshika mwenzake. Wameshikana kweli kweli. Ndiyo maana tone linakuwa duara, halimwagiki ovyo kwenye jani. Ni kama wakubwa ofisini: huyu kamshika yule, yule kamshika huyu, hakuna mlango."

"Chumvi inaingiaje?"

"Chumvi ina nguvu ya kuvuta. Nayo imejengwa kwa chembe zilizoshikana, lakini chembe zake zinayavuta maji, na maji yanazivuta. Basi maji yanaachiana kidogo, yanaizunguka chembe moja, yanaing'oa kwenye punje, yanaondoka nayo. Yanarudi yanang'oa nyingine. Mpaka punje yote imechukuliwa, kila chembe iko na walinzi wake, wewe unaona imepotea. Haijapotea. Si ukionja unaiona?"

"Na sukari?"

"Sukari nayo ina vishikio vyake, maji yanaijua. Lami haina. Lami ikija, haina pa kushikwa. Na maji hayawezi kuachiana mikono kwa ajili ya mtu asiye na cha kuyashikia. Kwa hiyo inakaa nje. Ndivyo dunia ilivyo, mwanangu, asiye na cha kutoa anabaki mlangoni. Mimi nimekaa kwenye benchi la ofisi ile..."

"Basi maji hayana kosa," bibi alisema.

"Sijasema yana kosa, mama."

"Umeyafananisha na wakubwa wako. Mimi nimesikiliza. Umesema maji hayaitaki lami. Kumbe hayaichukii, yana mambo yao tu. Yanapendana." Akafikicha bonge, akalitupa karaini. "Na haya mafuta unayoyaona ndiyo yenye huruma, tia sukari humo uone. Itakaa chini mpaka keshokutwa kama mgeni asiyesalimiwa. Mafuta yanaijua lami kwa sababu wote ni wa ukoo mmoja, hakuna kati yao anayemng'ang'ania mwenzake sana, wanapishana wanaingiliana. Sukari si wa kwao. Kila mmoja ana watu wake."

"Na rangi ya kucha?" Chiriku aliuliza, maana hapo kwikwi ilikuwa imekwisha.

"Hiyo ni kichaa!" msusi alijibu kutoka barazani, maana alikuwa anasikiliza. "Haijui maji, haijui mafuta. Ina dawa yake peke yake, hiyo inayonuka mpaka puani."

"Na sabuni je?"

"Sabuni ni mshenga," msusi alisema. "Mkono mmoja kwa mafuta, mkono mmoja kwa maji, anawapeleka wote nje kwa pamoja. Tukimaliza hapo ndiye atakayekuja kufunga ndoa."

Chiriku akacheka. Mzee Lami, bila kujijua, akacheka naye, na mguu ukatulia. Mabonge yalikuwa yamebaki machache. Nywele zilianza kuonekana tena kuwa nywele, zimelowa mafuta, zimechoka, lakini zipo, hazikukatwa. Moyoni alianza kuhesabu ushindi: mtoto anacheka, lami inatoka, na mama mkwe mwenyewe kaishika. Angesema nini sasa?

Sabuni ikaja, povu la kwanza likatoka la kijivu, la pili jeupe. Bibi akamkausha mtoto kwa kitambaa laini, akamgeuza kwenye jua. Ndipo alipoona nyuma ya sikio.

Lengelenge lilikuwa limejaa maji, na ngozi pembeni yake imekunjamana kama utando wa maziwa.

"Hapa hapakufanywa na lami," alisema.

"Mama, lile pipa..."

"Mimi nauliza hapa, nyuma ya sikio."

"Ni kisa kirefu, mama. Pipa lile nililisemea. Nilikwenda ofisini kwao. Wangelifunika siku ile, au wangelipakia na zana zao, leo tusingekuwa hapa. Wao ndio walioacha barabara nusu, wao ndio walioacha vifusi. Hata mwanao, mama, gari la kumpeleka hospitali lilikwama kwenye vifusi..."

"Mwanangu alikuwa amekwisha kabla gari halijawashwa," bibi alisema. "Nilikuwepo. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akapiga mapaja yake, mara moja. "Sikukwambia, kwa sababu niliona unahitaji mtu wa kumgombeza. Sasa tuliache hilo. Pipa waliacha wakubwa. Nakubali, na Mungu atawauliza. Mafuta ya taa nani alimmwagia mtoto?"

Barazani chanuo la msusi likasimama.

Mzee Lami alitazama mlangoni, akatazama kopo. Alifungua mdomo, na yote aliyozoea kusema yalikuwa pale ulimini, yamejipanga, msimamizi na miwani yake, benchi, amri ya juu. Hakuna hata moja lililokaa sawasawa na swali.

"Mimi, mama."

"Sikusikia."

"Ni mimi nilimmwagia."

"Haya. Angalau leo nimepata jibu. Tangu msiba nakuuliza habari zako, unanijibu habari za serikali." Akaanza kufungua mtandio kiunoni. "Karibu na kwangu kuna zahanati, nesi wake namjua. Mtoto ataondoka na mimi kwa basi la jioni. Lete nguo zake."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia nikiona."

Hakubishana. Hilo lilimshangaza msusi, lilimshangaza yeye mwenyewe. Aliingia chumbani akachukua zile nguo zilizokunjwa, akazitia kwenye begi kwa ncha za vidole asizipake lami, na hata hivyo akalipaka gauni moja, akalitoa, akalirudisha. Safari ya kwenda stendi walikwenda wote watatu kwa kufuatana, bibi mbele, mtoto katikati na kitambaa kimefungwa kichwani kwa ulegevu, yeye nyuma na begi. Chiriku hakusema neno njia nzima. Angelia, angekuwa amemsaidia.

Stendi basi lilikuwa linanguruma. Bibi akapanda, mtoto akapanda. Mzee Lami akapanda na begi, akaliweka juu, akashuka. Akasimama chini ya dirisha. Akakumbuka kwamba begi lingeweza kudondoka, akapanda, akalisukuma ndani, akashuka. Akazunguka upande wa pili. Akarudi mlangoni.

"Mzee," kondakta alisema, "unapanda au unashuka? Mlango wangu si bembea."

Alimtazama yule kijana. Ndani, kupitia mlango, aliona kisogo cha Chiriku na mkono wa bibi umekishika kwa nyuma, kisiguse kiti.

"Napanda," alisema.

"Kwa mikono hiyo? Toka hapo! Hizo siti nimezibadilisha vitambaa juzi."

"Nitasimama."

"Husimami kwenye basi langu. Basi kaa, kaa, ila usiguse kitu. Inua mikono. Hivyo. Kama umekamatwa."

Akapita katikati ya viti na mikono juu, watu wakamcheka, akafika walipokaa. Bibi alimwangalia kutoka chini mpaka juu.

"Unakwenda wapi?"

"Mnakokwenda."

"Kwangu hakuna kitanda cha mkwe."

"Nitalala jikoni."

"Jikoni kuna kuku."

"Tutasogeleana."

"Baba, kuku wa bibi wanadonoa," Chiriku alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu nyumbani.

"Na kazi yako kesho?" bibi aliuliza. "Utawaambia nini mabwana zako?"

Mzee Lami alikuwa na majibu ya swali hilo, majibu mengi, ya mwaka mzima. Aliyameza.

"Kazi ikiwepo nitaikuta."

"Isipokuwepo?"

"Itakuwa haipo, mama."

Basi likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye mstari. Kondakta akaja na gunia, akalitandika kwenye kiti cha pembeni, akamwashiria. Mzee Lami akakaa, mikono ikiwa imeelea mbele yake, hajui aipeleke wapi. Bibi alimtazama hivyo mpaka wakatoka getini. Kisha akasema, bila kumgeukia, kana kwamba analiambia dirisha:

"Ukifika utaosha mikono hiyo kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni, halafu maji mengi. Kesho asubuhi nesi atatupa dawa ya hapo nyuma ya sikio. Wewe ndiye utakayempaka. Mimi nitakuwa nimekaa karibu, natazama."